Ua Lenye Lango: Mzazi na Lugha ya Arafa za Matineja Mjini Kakamega

Utangulizi

Tuchukue mfano. Mama mmoja anayeishi Lurambi, mjini Kakamega, anaikuta simu ya mwanawe wa kidato cha tatu mezani. Simu inalia, naye anaitazama. Kwenye kioo pana arafa hii:

“Niaje msee. 4m ni gani Furahiday? Kam base na mbao. Jaba iko. Mathe akiuliza ww hujui ki2.”

Mama anaisoma mara tatu. “4m” anaifasiri kuwa kidato cha nne. “Jaba” analidhania kuwa jina la utani la rafiki fulani. Neno “mbao” ndilo linalomtia kiwewe, maana wiki iliyopita jirani anayejenga nyumba alilalamika kuwa mbao zake zimeibwa. Baba anapofika jioni, kijana anasomewa mashtaka ya wizi asioujua. Anakana, anaadhibiwa, na tangu siku hiyo simu yake inafungwa kwa nambari ya siri.

Laiti mama huyo angepata wa kumfasiria, angejua kwamba “mbao” ni shilingi 20 tu, “4m” ni fom, yaani mpango, “Furahiday” ni Ijumaa na “base” ni kijiwe cha vijana. Angejua pia kwamba neno alilolipita bila kulijali, “jaba”, ni miraa. Alimwadhibu mtoto kwa neno lisilo na kosa, akaliachilia lililostahili kuulizwa.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kuitwa na jamaa zake ili “asome hii lugha yenu ya siku hizi” atautambua. Makala haya yananuia kueleza jinsi lugha ya arafa na mitandao ya matineja inavyoundwa, kwa nini inaundwa hivyo, na namna mzazi anavyoweza kuielewa bila kuuvunja uhusiano wake na mwanawe. Hoja yetu kuu ni kwamba orodha ya maneno haimsaidii mzazi kwa muda mrefu. Kinachomfaa ni kuzijua kanuni za uundaji wa maneno hayo, na kujua kuwa hatari aghalabu haimo katika neno asilolielewa.

Mizizi ya lugha hii

Lugha inayotumiwa na vijana wetu katika arafa haikuzaliwa na simu. Mhimili wake ni Sheng, msimbo uliochipuka katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi na kuenea katika miji mingine ya Kenya kupitia matatu, shule za bweni, muziki na redio. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu hadhi yake. Abdulaziz na Osinde waliuchunguza mwaka 1997 sambamba na Engsh, msimbo wa vijana wa mitaa ya kitajiri wenye mhimili wa Kiingereza. Chege Githiora, katika makala yake ya mwaka 2002, aliuliza kama Sheng ni lugha ya marika, lahaja ya Kiswahili au krioli inayochipuka. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 2018, aliitazama kama aina ya Kiswahili cha Kenya.

Kijana wa Kakamega huipokea Sheng akiwa tayari ana lugha tatu. Nyumbani, hasa akienda kwa nyanya yake Shinyalu au Butere, husikia Lwisukha, Lumarama au lahaja nyingine ya Kiluhya. Sokoni na barabarani hutumia Kiswahili, na darasani hufundishwa kwa Kiingereza. Si ajabu basi kuona arafa inayoanza kwa “Mulembe”, ikaendelea kwa Sheng na kumalizikia kwa Kiingereza. Mzazi huona vurugu. Mwanaisimu huona mtu anayechagua kutoka katika akiba kubwa ya lugha.

Aidha, haifai kudhani kwamba mafumbo ya vijana ni balaa iliyoletwa na utandawazi. Waswahili wa pwani walikuwa na mchezo wa lugha ulioitwa kinyume, ambao Askofu Edward Steere aliutaja katika kazi zake kuhusu Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19. Katika mchezo huo, silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mwanzoni. Kwa kanuni hiyo, “nyumba” huwa “mbanyu”. Sasa mtazame kijana wa leo anayesema “risto” badala ya “stori”. Amefanya jambo lile lile: ameichukua silabi ya mwisho, “ri”, na kuitanguliza. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba anaiharibu lugha ya wahenga hana habari kwamba wahenga nao walicheza mchezo huo.

Kanuni za uundaji wa maneno

Ni muhimu kutambua kwamba Sheng hubadilisha msamiati lakini kwa kiasi kikubwa huiacha sarufi ya Kiswahili. Kitenzi “ananitext” kina kiima a-, kiambishi cha wakati -na- na yambwa -ni-. Ni mzizi tu uliokopwa. Hivyo, mzazi anayejua Kiswahili tayari anajua nani anamfanyia nani na lini. Kilichobaki ni kulitambua tendo lenyewe. Zifuatazo ni baadhi ya njia zinazotumiwa kuunda maneno.

Njia ya kwanza ni kulipa neno la Kiswahili maana mpya. “Mbao” tumekwisha kuitaja. “Kusota”, ambako katika Kiswahili sanifu ni kujikokota kwa makalio, katika Sheng ni kuishiwa na pesa. Taswira ya aliyefilisika akijikokota chini haiko mbali. “Kuchoma picha” si kuteketeza picha yoyote bali ni kujiharibia sifa mbele za watu. Hili ndilo kundi linalowapotosha wazazi zaidi, kwa kuwa mzazi hudhani neno analijua. “Msee” nalo limetokana na “mzee”. Jina la heshima kwa wakubwa sasa ni jina la vijana kuitana wao kwa wao.

Njia ya pili ni kulikata neno na kulipachika mwisho mpya. Maneno ya Kiingereza ya baba na mama yamekatwa na kuwa “fathe” na “mathe”. Njia ya tatu ni kugeuza mpangilio wa silabi, kama tulivyoona katika “risto”. Njia ya nne ni kuunganisha maneno mawili. “Furahiday” ni “furahi” iliyotiwa mkia wa jina la Kiingereza la Ijumaa, siku ambayo masomo ya wiki humalizika.

Njia ya tano ni tafsiri inayopita lugha mbili. Neno “matatu” lenyewe lilitokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Vijana wakaichukua ile “tatu”, wakaitafsiri kwa Kiingereza na kupata “mathree”. Kwenye simu, neno hilo likafupishwa zaidi kuwa “ma3”. Herufi mbili na tarakimu moja zimebeba historia ya usafiri wa nchi nzima.

Maandishi ya arafa

Kanuni za hapo juu ni za maneno. Arafa huongeza kanuni za tahajia. Arafa ya kwanza duniani ilitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na mfumo wake uliruhusu herufi 160 pekee. Kwa Kiswahili, kikomo hicho kilibana sana kwa sababu lugha yetu ni ambishi bainishi. Neno moja kama “tutakapoonana” lina herufi 13, maana ndani yake mna kiima, wakati, kirejeshi, mzizi na kiambishi cha kutendana. Aliyekuwa akilipia kila arafa alikuwa na sababu njema ya kupunguza.

Upunguzaji huo hufuata utaratibu. Kwanza, tarakimu husomwa kwa jina lake la Kiingereza. Kwa kuwa 2 husikika kama silabi ya Kiswahili “tu”, tunapata “2ko” kwa tuko, “m2” kwa mtu na “ki2” kwa kitu. Pili, herufi husomwa kwa jina lake la Kiingereza. C huitwa “si”, kwa hivyo “cjui” ni sijui na “cwezi” ni siwezi. Tatu, irabu hudondoshwa na konsonanti huachwa zilibebe neno: “sna” ni sana, “kbsa” ni kabisa, “ww” ni wewe na “nn” ni nini. Mzazi akizishika kanuni hizi tatu, anaweza kusoma sehemu kubwa ya tahajia ya arafa bila mkalimani. Siri ni kusoma kwa sauti, kwa kuwa maandishi haya yameandikiwa sikio kuliko jicho.

Hata hivyo, ufinyu wa nafasi hautoshi kueleza kila kitu. Kuna mtindo wa kuandika “xaxa” badala ya “sasa” na “xema” badala ya “sema”. Hesabu herufi: “sasa” ina nne, na “xaxa” ina nne. Hakuna kilichookolewa. Pia leo vijana wengi huwasiliana kwa WhatsApp, ambako ufinyu ule wa herufi 160 haupo, na bado vifupisho vinaendelea kutumika. Ni dhahiri kwamba nia si kubana nafasi peke yake. Anayeandika “xaxa” anatangaza kuwa yeye ni kijana na kwamba anayemwandikia ni mwenzake.

Kwa nini maneno hayaishi kuzaliwa?

Mwaka 1976, mwanaisimu M.A.K. Halliday alichapisha makala kuhusu kile tunachoweza kukiita lugha pinzani, yaani lugha ya kikundi kinachojitenga na jamii pana. Alionyesha kwamba lugha kama hizo hubadilisha msamiati na kuiacha sarufi, na kwamba huwa na maneno mengi mno kwa mambo yanayokigusa kikundi zaidi. Matineja si wahalifu, lakini maelezo hayo yanawafaa. Pesa, ambayo kijana hana na anaiwazia daima, ina majina kama “ganji”, “doo” na “chapaa”. Viwango vyake navyo vina majina: “finje” ni shilingi 50, “soo” ni 100 na “thao” ni 1,000. Polisi wana “karao” na “sanse”. Miraa ina “jaba”, “veve” na “gomba”. Pombe ni “keroro”, na bangi huitwa “ndom” au “shada”.

Mzazi ana haki ya kuyajua maneno hayo ya mwisho. Lakini asijidanganye kuwa akiyakariri amemaliza kazi. Mwaka 2003, Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga walichapisha kamusi ya Sheng na Kiingereza kupitia TUKI, Dar es Salaam. Ni kazi ya thamani kwa mtafiti, lakini kijana wa leo akiisoma atacheka kwa baadhi ya maneno kama tunavyocheka kwa suruali za zamani za babu. Neno likishajulikana na wazazi, limemaliza kazi yake, na jingine huundwa. Lugha hii ni ua uliozungushiwa uwanja wa vijana, na kila mkubwa anapochungulia, ua husogezwa.

Kujizungushia ua si dhambi. Kijana wa umri huo anajifunza kuwa mtu mwenye siri zake, rika lake na sauti yake. Ua wenye lango ni jambo la kawaida katika boma lolote. Jukumu la mzazi ni kuhakikisha kwamba lango lipo na kwamba yeye akibisha hodi ataitikiwa.

Je, lugha hii inaharibu Kiswahili?

Walimu wengi wamelalamika kwamba Sheng na tahajia ya arafa hujipenyeza katika insha. Malalamiko hayo yana msingi, kwani mwanafunzi aandikaye “cjui” katika mtihani wa Kiswahili hupoteza alama. Hata hivyo, chanzo cha kosa kitazamwe kwa makini. Mwaka 2009, Beverly Plester, Clare Wood na Puja Joshi walichapisha utafiti kuhusu watoto 88 wa Uingereza wenye umri wa miaka 10 hadi 12. Walipata uhusiano chanya baina ya matumizi ya vifupisho vya arafa na uwezo wa kusoma maneno. Utafiti huo ulihusu Kiingereza, na hatuwezi kuuhamishia Kiswahili jinsi ulivyo. Lakini mantiki yake inaeleweka: anayelikata neno kwa kucheza ni lazima kwanza azisikie silabi zake.

Tatizo basi si kijana kuwa na sajili ya arafa. Tatizo ni kijana kuwa na sajili hiyo peke yake. Mtaala wa shule za upili umekuwa ukifunza sajili katika isimu jamii, na mzazi anaweza kulipima jambo hili nyumbani. Amwombe mwanawe amwandikie shangazi barua ya shukrani kwa Kiswahili sanifu. Akiweza, msimbo wa arafa haujamharibu. Akishindwa, dawa ni kumpa vitabu na mazoezi. Kumnyang’anya simu hakutamfunza barua.

Ikumbukwe pia kwamba lugha sanifu imewahi kupokea maneno ya barabarani. Neno “bodaboda” lilianzia kwa waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, hapa hapa magharibi. Leo hakuna mhariri anayeliona geni.

Hatari iko wapi?

Tuirudie arafa ya mwanzo. Tumefasiri “mbao” na “jaba”. Lakini sentensi iliyopaswa kumshtua mama ni ile ya mwisho: akiuliza, wewe hujui kitu. Ukiondoa vifupisho viwili, hiyo ni Kiswahili chepesi ambacho mama alikielewa tangu mwanzo. Akili yake ilikuwa imenaswa na msamiati, akaupita ujumbe.

Hili ndilo somo kubwa. Sheng kwa kawaida ni lugha ya vijana wao kwa wao. Mtu mzima anayemwinda binti wa miaka 15 hahitaji Sheng. Anaweza kumwandikia kwa lugha safi: nitakutumia nauli, njoo peke yako, usimwambie mama, futa ujumbe huu. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, nauli hutumwa kwa simu kwa muda mfupi sana. Vijana hufanya mzaha kuhusu “kula fare”, yaani kupokea nauli kisha kutokwenda. Mzaha huo mzazi asiupuuze. Nauli ya mtu mzima asiyejulikana nyumbani ni deni, na mwenye deni hudaiwa. Maneno “sponsa” na “mubaba”, yanayomtaja mwanamume wa makamo anayemgharimia msichana, nayo yafaa kujulikana.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza kila mara neno hili lina maana gani, mzazi ajiulize: Anayeandika ni nani, na ana umri gani? Anaandika saa ngapi? Anaomba nini: picha, pesa, au kukutana faraghani? Anasisitiza siri? Majibu ya maswali hayo hayahitaji kamusi. Ishara hizo zikionekana, mzazi asipige kelele wala asivunje simu, kwani arafa hizo ni ushahidi. Anaweza kupata ushauri kwa kupiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, aulize. Neno geni likimfikia, amwombe mwanawe amfunze, tena wakati wa amani: jikoni, shambani, au njiani kutoka kanisani au msikitini. Kijana hupenda kuwa mwalimu. Mzazi akicheka naye juu ya “Furahiday”, siku ya kuuliza kuhusu “jaba” itakuwa nyepesi.

Pili, aelewe lakini asiige. Baba anayemsalimu mwanawe kwa “Niaje msee” mbele ya wenzake humwaibisha. Kijana hataki baba wa rika lake.

Tatu, masharti yawekwe kabla ya simu kununuliwa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, simu ya mzazi iligeuka darasa, na watoto wengi wakaizoea kabla ya kukubaliana lolote kuihusu. Makubaliano juu ya saa za kulala, watu wa kuwasiliana nao na lini mzazi ataitazama simu ni bora kuliko upekuzi wa ghafla. Samaki mkunje angali mbichi.

Nne, asiadhibu kabla ya kufasiri. Mama wa mfano wetu alipoteza zaidi ya hoja moja. Alimfunza mwanawe kwamba ukweli wake hauna thamani nyumbani. Siku kijana huyo atakapopata arafa ya kutisha kwelikweli, atakuwa na nani wa kumwonyesha?

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba lugha ya arafa za matineja ina kanuni zinazoweza kufunzwa, kwamba misingi yake imo ndani ya Kiswahili chenyewe, na kwamba mzazi anayeitafuta hatari katika msamiati pekee anaweza kuipita. Limebaki suala moja linalotuhusu sisi wasomi wa Kiswahili. Tumezoea kuijadili Sheng makongamanoni, tukibishana kama ni lahaja au krioli, huku mzazi wa Amalemba au Shirere akihangaika na simu mkononi. Hatujambo kwa nadharia, ila hatujavuka barabara.

Kila muhula wazazi hukutana shuleni, na kila wiki watu hukusanyika makanisani, misikitini na katika mabaraza ya machifu. Wanafunzi wa Kiswahili wangeweza kuomba nusu saa tu katika mikutano hiyo, wakazieleza kanuni chache zilizotajwa hapa kwa lugha nyepesi, na kwa Kiluhya inapobidi. Sisi ndio tulio karibu na pande zote mbili: tuliandika “cjui” juzi, na leo tunasahihishwa insha. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Lakini mzazi huyu anataka kuambiwa, na wa kumwambia tupo.